Umeme Ukikatika Malindi na Nyumbani Kuna Mashine ya Oksijeni

Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika hula wati 300 hadi 350. Betri ya gari ya 60Ah kupitia inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) huiendesha kama saa moja tu, kisha kimya. Tegemeo ni mtungi wa oksijeni wa akiba: wenye lita 1,360, ukifunguliwa lita 2 kwa dakika, hudumu saa 11 hivi. Kagua geji kila wiki, maana vali ikivuja polepole utaukuta mtupu siku ya shida.

Insulini nayo, dawa ya kisukari, friji ikizima isigusane na barafu; ikiganda, itupwe. Chungu cha kuihifadhia, kilichozungukwa na mchanga wenye maji, hapa pwani hakipoozi sana, kwani hewa ina unyevu na maji hayakauki upesi.

Uingereza, kampuni za umeme hulazimika kuweka daftari la wateja wagonjwa na kuwaarifu mapema. Kenya Power hutangaza matengenezo gazetini na mitandaoni, lakini bikizee wa Shela asiye na intaneti ataonaje? Kampuni inajua namba ya mita yake. Mgonjwa aandikishwe kwa barua ya daktari, atumiwe ujumbe siku tatu kabla, na tokeni zikiisha usiku mita isimzimie hadi asubuhi. Hii ni haki yake, si hisani.