Siku moja uani: lesi, rangi na ubavu wa vespa

Saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshasali, maji ya chai yako jikoni, na kitu cha kwanza ninachokwenda kukitazama leo si cherehani. Ni bamba la vespa lililolala juu ya meza uani. Nalipapasa kwa kiganja: limelowa umande. Nalifuta kwa kitambaa cha pamba na kuliegemeza ukutani, pale jua linapofika mwanzo.

Mimi ni fundi wa kushona, Ng'ambo, mjini Zanzibar. Vespa yangu ni ya aina ya PX, na bila yake sina kazi: ndiyo inayonipeleka sokoni Darajani kutafuta vitambaa na ndiyo inayofikisha nguo kwa wenyewe. Lakini hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Mwaka huu kutu ilianza kutokeza chini ya bamba la kushoto, lile linalofunika gurudumu la akiba. Gereji walinitajia bei ya kupiga rangi bodi nzima, na pesa hiyo sikuwa nayo. Nikaamua kuyatengeneza mwenyewe yale mabamba mawili ya ubavuni, na kuyapamba kwa kitu ninachokijua kuliko rangi: lesi.

Mabamba yanatosha kwa anayeanza. Kwenye PX unanyanyua kiti, unavuta kishikizo, bamba linatoka bila spana. Unalibeba kama sinia na kukaa nalo kivulini. Isitoshe, mdomo wa tangi uko chini ya kiti, na rangi ya kopo ikimwagikiwa petroli hulainika na kuchubuka. Ubavuni petroli haifiki mara kwa mara.

Saa moja na nusu. Msasa wa maji, namba 600. Kutu niliisugua wiki iliyopita mpaka chuma kikang'aa, nikaziba mashimo kwa puti, nikapuliza praima. Leo nachora mistari ya penseli juu ya praima yote, kisha nasugua taratibu kwa maji yenye sabuni kidogo. Penseli ikifutika, pamekaa sawa. Ikibaki, pana bonde. Nimepata bonde moja, upana wa kucha, karibu na ukingo wa nyuma. Nimerudia puti, nimengoja, nimesugua tena, nikapuliza praima juu yake. Saa nzima imekwenda kwa kidoa hicho, na wala sijutii, maana rangi inayong'aa haifichi bonde, inalitangaza.

Saa tatu nikarudi kwenye cherehani. Kuna magauni mawili ya harusi na sare za skuli.

Saa nne na nusu. Jua limeshika, chuma kimekauka, na upepo wa kusi bado haujaanza kutimua vumbi. Huu ndio wakati wa kupuliza. Nafunga barakoa, nafungua mlango wa ua, natikisa kopo mpaka gololi ya ndani inalia vizuri. Rangi ya maziwa, tabaka tatu nyembamba, kila moja ikingojewa dakika kumi hivi. Mkono naanza kuupeleka kabla bamba halijaanza na kuumalizia bamba likishakwisha, ili rangi isirundikane pembeni ikachuruzika.

Adhuhuri, chakula, pindo za sare. Rangi inakauka, mimi nashona.

Saa nane na nusu. Hapa ndipo moyo unaponidunda. Kwanza mjue kanuni: lesi inalazwa juu ya rangi ya kwanza, kisha rangi ya pili inapulizwa juu yake. Rangi ya chini ndiyo itakayokuwa uzi, rangi ya juu ndiyo itakayojaza matundu. Mimi nataka maua ya maziwa juu ya buluu ya bahari, ndiyo maana nimeanza na maziwa.

Bamba la vespa limevimba kama nyonga, na lesi ni kitambaa. Ukiilaza tu, inajikunja. Kwenye gauni ningetia pensi, yaani mkunjo mdogo wa kushonwa, lakini hapa pensi itaacha mstari katikati ya maua. Dawa yake ni ile ile ya sketi inayoshika mwili: kata hanamu, yaani mshazari. Lesi iliyokatwa hanamu inavutika na kufuata mviringo bila mkunjo. Nimeivuta kutoka katikati kwenda pembeni, nikaikunjia ndani ya bamba na kuibana huko kwa tepu ya karatasi, ili tepu isiguse rangi ya maziwa ambayo bado ni changa.

Kisha buluu. Nalenga mbele moja kwa moja, umbali wa kama sentimita 30, vumbi la rangi tu, si maji. Wiki iliyopita nilijaribu kwenye mfuniko wa bati la biskuti, nikapuliza kwa pupa. Lesi ikalowa, rangi ikapenya chini ya nyuzi na maua yakageuka madoa. Leo nimepita mara nne, kila mara kidogo, nikingoja kati yake.

Baada ya robo saa nimeinua lesi, juu moja kwa moja bila kuiburura. Kila petali imetoka na mishipa yake. Karibu na ukingo wa chini pana sehemu lesi haikugusa chuma vizuri na mstari umefifia. Nitauacha hivyo.

Saa kumi na moja mteja wangu mmoja, mama wa makamo, akabisha hodi kuchukua gauni.

"Mwanangu, hii lesi umeibandikaje?"

"Si lesi, mama, ni rangi. Tafadhali usiguse, bado mbichi."

Akainama akaitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma.

Juma lijalo, rangi ikishakomaa, nitampelekea fundi rangi aipige klia, ile rangi angavu ya juu kabisa, yenye dawa ya kukausha. Hiyo sitaki kuipuliza nyumbani: mvuke wake unaumiza mapafu, na barakoa yangu ya kitambaa haiuzuii.

Saa mbili usiku. Lesi ya leo imekuwa ngumu kama kadi, haitumiki tena. Nimekata kipande cha pili kwa ajili ya bamba la kulia, hanamu ile ile, lakini nimekigeuza ndani nje ili maua yaelekee mbele pande zote mbili.