Kalamu ya msamaha wa kodi iko mkononi mwa nani?

Ukisikia mwekezaji wa kigeni amesamehewa kodi, usikimbilie kuuliza ni kiasi gani. Uliza kwanza nani ameshika kalamu. Msamaha ulio ndani ya sheria, ambao kila kampuni iliyotimiza masharti huupata, ni jambo moja. Msamaha ambao waziri au rais anaipa kampuni moja baada ya kikao cha faragha ni jambo jingine kabisa, hata asilimia zikilingana.

Tawala za kiimla huupenda huu wa pili. Serikali ikitoa ruzuku taslimu, lazima ionekane kwenye bajeti. Kodi isiyokusanywa haina hundi wala mjadala bungeni, na aliyenufaika anajua wa kumshukuru. Anajua pia kwamba mkono uliompa unaweza kumpokonya, na mahakama isiseme neno. Ndiyo maana hudai msamaha mkubwa, tena wa miaka ya mwanzo, arudishe mtaji wake kabla upepo haujageuka. Hapo wananchi wanalipia unyonge wa mahakama zao.

Goldenberg, kampuni ya Kenya iliyodai kuuza dhahabu na almasi nje, haikuwa mwekezaji wa kigeni, lakini hakuna funzo lililo karibu nasi zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sheria ya Kenya iliruhusu wauzaji wa bidhaa nje wafidiwe asilimia 20 ya thamani ya mauzo yao. Kampuni hiyo ilikubaliwa asilimia 35, pamoja na haki ya kuwa muuzaji pekee wa dhahabu na almasi nje, ilhali Kenya haichimbi almasi. Zile asilimia 15 za ziada hazikutoka kwenye sheria. Zilitoka ofisini.

Sheria ya EPZ, yaani maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, nayo ilipitishwa mwaka 1990, KANU ikiwa chama pekee cha siasa nchini. Angalau masharti yake yameandikwa: kodi ya mapato ya kampuni ni sufuri kwa miaka 10, kisha asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata, huku kampuni za kawaida za hapa nchini zikilipa asilimia 30. Piga hesabu. Kiwanda chenye faida ya shilingi milioni 100 kwa mwaka kinabaki na milioni 300 ambazo kingelipa katika muongo wa kwanza. Kiwanda kinachotumia miaka minne kusimama, kikiwa bado katika hasara, hakifaidiki chochote miaka hiyo. Kwa hiyo msamaha wa namna hii humpendelea mwenye faida ya haraka, anayeweza kuhama. Punguzo linalotokana na gharama ya mashine zilizokwisha kununuliwa lina haki zaidi, kwa sababu asiyewekeza halipati.

Kisha tazama hati ya mshahara ya fundi wa kushona katika kiwanda cha EPZ huko Athi River. Tuseme analipwa shilingi 20,000: bima ya afya ya SHIF inachukua 550, ada ya nyumba 300, akiba ya uzeeni ya NSSF 1,200. Yeye hana muongo wa sufuri.

Msamaha hauwezi pia kuziba pengo la siasa. Ethiopia ilifungua bustani ya viwanda ya Hawassa mwaka 2016 na kuwasamehe wawekezaji kodi kwa miaka mingi. Vita vya Tigray vilipoanza, kampuni ya Marekani ya PVH ilifunga kiwanda chake huko mwaka 2021, na Januari 2022 Ethiopia ikaondolewa kwenye AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru.

Sisi Wakenya tuna silaha ambayo wengi hawaigusi. Kifungu cha 210 cha Katiba kinataka kila msamaha wa kodi uwe na kumbukumbu ya wazi pamoja na sababu yake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Andikia Hazina ya Taifa chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Omba jina la kampuni, tarehe ya kuanza na ya kuisha, sababu, na nambari ya tangazo katika Gazeti Rasmi. Wana siku 21 za kujibu. Wakikukatalia, una siku 30 za kupeleka rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala.