Ini likiugua, kichwa nacho kinaguswa

Watu wengi wakisikia ini limeharibika wanawaza macho ya njano na tumbo kujaa maji, habari za kichwa haziwajii kabisa. Mi nimeyaona kwa mjomba. Ilianza usingizi kugeuka, mchana anasinzia usiku macho makavu, halafu akinyoosha mikono mbele viganja vinapigapiga vyenyewe, mara hata vifungo vya shati vikamshinda.

Iko hivi, bakteria wa utumbo wakivunjavunja protini wanatoa amonia, ambayo ni sumu, ini zima huwa linaisafisha, ila ini lenye makovu linaiachia inapanda mpaka kwenye ubongo na seli za huko zinavimba. Ndo maana wanapewa laktulosi, ile dawa ya maji tamu sana, mgonjwa apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku amonia itoke nacho, na choo kikifunga tu au akipata maambukizi anachanganyikiwa upya.

Kinachoniuma ni hiki, zamani ilisemwa mtu akizinduka kwenye huko kuchanganyikiwa akili yote inarudi, kumbe kwa wengine hairudi yote. Mjomba sa hivi anaongea vizuri, anacheka, ukimwona utasema kapona, lakini mpe karatasi yenye namba zimetawanyika aziunganishe 1 mpaka 25 uone anavyokwama njiani. Hata waliopandikizwa ini jipya, wengine hubaki wazito kujifunza vitu vipya. Kwa hiyo jamani mnaouguza, asiposhika mlichomwambia jana msimgombeze, si uvivu wala jeuri, mwandikieni, na funguo za gari msimpe kabla hamjamuuliza daktari.