Sahani za mgomba na ng'ombe wa mama mkwe

Nianze na yule bwana wa semina, maana hasira zake bado ninazo. Alitukusanya mama lishe wa hapa Moshi, akatuonyesha picha za sahani za makapi ya miwa na za magome ya migomba, akasema tangu rambo, ile mifuko ya plastiki, zipigwe marufuku Juni 1, 2019, fursa iko wazi. Malighafi? "Bure kabisa, ni taka tu zimelala shambani." Hapo nikajua huyu bwana hajawahi kukanyaga kihamba, shamba la migomba la Kichagga.

Mimi nami nilimwamini. Jumamosi yake nikapanda Marangu kwa mama mkwe na panga langu. Kulikuwa na mgomba wa mshare umeshatolewa mkungu, umekatwa, umelala. Nikaanza kubambua gome moja moja. Wanaoujua mgomba wanajua lile shina si mti, ni magome matupu yaliyokumbatiana kama kitunguu. Salfeti ya kwanza imejaa, ya pili ndiyo naifungua, nasikia nyuma yangu:

"Mkamwana, chakula cha ng'ombe wangu unakipeleka wapi?"

Nilitamani nijifiche ndani ya salfeti. Shina linakatwakatwa anakula ng'ombe, majani makavu anatandikiwa bandani, samadi inarudi kwenye shina la mgomba mwingine. Taka iko wapi hapo? Baada ya kunisema vya kutosha akanionyesha magome makavu ya nje, yale ya kahawia yanayoning'inia kwenye mgomba uliosimama. "Hayo beba. Hata kwa njaa hawayali." Semina ya siku mbili haikunipa ushauri wenye maana kama huo.

Yale mabichi ya salfeti ya kwanza nilishuka nayo hata hivyo (ubishi). Nikayakata duara, nikayakandamiza kwa mawe, nikayaanika. Siku ya tatu yamejikunja kama masikio ya mbuzi na yameota ukungu. Utomvu nao ulinichafulia kitenge kipya, na utomvu wa mgomba ukishaingia kwenye nguo, hiyo ni nguo ya shamba.

Ushauri sasa ndiyo ukaanza kumiminika. Shemeji yangu seremala akasema nipake vanishi. Vanishi, kwenye sahani ya pilau! Mwingine akataka nikope milioni kadhaa niagize mashine China.

Makavu nayo yana vituko vyake. Ukiyakunja hivi hivi yanapasuka. Nilikuja kugundua kwamba ukiyanyunyizia maji jioni, ukayaviringisha kwenye gunia bichi mpaka asubuhi, yanalainika kama ngozi ya viatu. Usiyaloweke! Kuloweka kutakuletea balaa, nakuja huko. Unapanga matatu, la kati likatishe nyuzi za mengine, katikati unapaka uji mzito wa muhogo.

Sasa moto. Hapa naomba nijisifu kidogo. Usiku nimelala nikakumbuka tunavyooka keki bila oveni, mkaa chini, mkaa juu. Nikashtuka, nikaenda jikoni na kanga moja kutafuta sufuria mbili zinazoingiana. Asubuhi nikateleka kubwa kwenye jiko, nikaweka magome (ya siku ile nilikuwa nimeyaloweka), nikaipachika ndogo juu yake ikiwa na makaa, nikaikandamiza kwa jiwe la kusagia. Nikasimama pembeni nimejishika kiuno kama mhandisi. Haikupita dakika: pwaa! Mvuke ulikosa pa kutokea, sufuria ya juu ikaruka na jiwe lake, makaa sakafuni, uji wa muhogo ukutani. Jirani alikuja mbio na ndoo ya maji akidhani ni gesi.

Dawa yake ni ndogo mpaka inauudhi moyo. Ukishapachika, inyanyue ya juu kidogo mara tatu au nne mwanzoni, mvuke utoke, ndipo uweke jiwe. Moto upime kwa tone la maji: likichachatika na kukauka, weka kazi, likikimbiakimbia kama shanga, punguza mkaa, utaunguza. Muda ni kama wa kukaanga chapati mbili. Kinachotoka kina rangi ya kahawa, kigumu, kina michirizi mizuri, na kinanukia ndizi ya kuchoma.

Jaribio la kwanza, kwa kiherehere changu, nikaweka mtori. Sahani iliunywa ule mtori kama ndugu yake aliyepotea, uliobaki ukamshukia mume wangu mapajani. Nikajaribu kupaka nta ya nyuki. Chakula cha moto kiliiyeyusha, pilau ikanukia mishumaa ya kanisani. Kwa hiyo sahani zangu ni za vikavu: chipsi, mishkaki, pilau, ndizi za kuchoma. Ukitaka mchuzi, babua jani bichi utandike juu. Na hilo jani nalo uombe ruhusa kwa mwenye ng'ombe.

Oda kubwa ya kwanza ilikuwa kipaimara cha mtoto wa jirani wa mama mkwe, Desemba watu wameshapanda nyumbani. Sahani 120. Mimi na mdogo wangu tulikesha wiki mbili kasoro. Mkaa ulikula kama elfu ishirini na kitu, sikuandika. Niliuza 300 moja, na faida usiniulize sana.

Jioni, wageni wamekunywa mbege yao wametawanyika, nikazunguka nyuma kutafuta sahani zilizotumika nione zimevumilia vipi. Sikuona hata moja. Watoto walikuwa wamezimwaga zote bandani kwa mama mkwe, na yule ng'ombe asiyekula makavu hata kwa njaa alikuwa anamalizia ya mwisho, ina masalia ya pilau na chumvi ya kachumbari.

Mama mkwe alicheka mpaka akaegemea mlango wa banda. "Kumbe ulikuwa unampikia," akasema.