Daftari la mitego: wiki ya sita

Juzi nimejipima tena kwa mazoezi ya kusoma ya IELTS, mtihani wa Kiingereza: 27 kati ya 40. Wiki ya kwanza nilipata 19, kwa hiyo sinung'uniki sana. Nilichokuwa nasubiri zaidi ni yale makosa 13, maana daftari hili linakula makosa. Kila swali lililonishinda nalinakili, kisha naandika jibu baya lilinibembeleza kwa neno gani.

Kwa asiyejua, sehemu ya kusoma ya IELTS ni dakika 60, vifungu vitatu, maswali 40, na hupewi muda wa ziada wa kuhamisha majibu. Maswali mengine yanataka useme kama sentensi ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Hapo ndipo ninapozama.

Mitego ya maneno sasa naitambua. Kifungu kinasema "wakulima wengi", jibu linasema "wakulima wote". Au jibu limeazima maneno matatu matamu ya kifungu likayapanga kinyume. Lakini makosa matano ya juzi hayakuwa hivyo. Kwenye kifungu cha kahawa nilijibu "kweli" bila hata kurudi kusoma, kwa sababu bibi yangu analima kahawa Minova. Jibu lilikuwa "haikutajwa".

Basi jana usiku nikatunga kifungu changu kwa Kiswahili, nikampa mdogo wangu:

"Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikafika Ziwa Kivu. Maji ya chini ya ziwa hilo yana gesi nyingi ya methani."

Lipi linatokana na kifungu? A: lava ilifunika uwanja wote. B: lava ilifanya methani itoke ziwani. C: watu walijenga tena juu ya lava. D: ziwa lililofikiwa na lava lina methani.

Akachagua C palepale. Nikamwambia amekosa. Akapiga sakafu kwa kisigino: "Yaya, hii nyumba iko juu ya nini?"

Kweli, ua wetu ni mawe meusi ya lava, hata ukuta tumeujenga kwa hayo hayo. Nikamwambia anionyeshe kwa kidole mstari unaosema hivyo. Kidole kikatembea taratibu, kikapita uwanja wa ndege, kikapita ziwa, kikagonga nukta ya mwisho. "Haiko," akasema, kwa hasira kidogo. D hakuwa ameiangalia kabisa. Haina mvuto, inarudia tu kilichoandikwa.

Leo nimejaribu kidole hicho kwenye kifungu kizima cha mazoezi. Jibu la "si kweli" lazima liwe na mstari unaoipinga sentensi. Mstari usipopatikana upande wowote, haikutajwa. Nimekosa moja tu. Shida ni saa: kifungu kimoja kimenila dakika 29. Wiki ijayo kidole nitakitumia tu kwa maswali ninayoyajibu kwa furaha, hayo ndiyo siyaamini tena. Mengine nitabahatisha kuliko kuacha wazi, jibu baya halipunguzi alama.

Mdogo wangu ameomba kifungu cha chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Nimeandika mistari minne, ila chaguo B bado linanisumbua. Nilitaka liwe la uongo, na kila nikilisoma naona ni kweli.