Bonde kubwa halipimwi kama kijito

Kila ninaposoma mpango wa kufunga vipimo katika bonde kubwa la mto kwa ajili ya utafiti wa maji, huanza na ukurasa wa bajeti, nikitafuta fedha zilizotengwa kwa mwaka wa sita na wa saba. Mara nyingi sioni kitu. Vyombo vimeorodheshwa hadi aina ya betri, lakini mtu atakayekwenda mtoni kila mwezi kuondoa matope na matawi kwenye kituo cha kupimia hakutajwa popote.

Sayansi hii ilikulia kwenye vijito. Huko Hubbard Brook, New Hampshire, Marekani, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1955, vidakio vilivyokipa sifa (kidakio ni eneo ambalo mvua yake yote huishia kwenye kijito au mto mmoja) ni vya hekta kumi na kadhaa hadi arobaini na kitu, juu ya mwamba usiopitisha maji kwa urahisi. Udogo huo ndio uliokipa nguvu: mvua ikishapimwa, na maji ya kijito yakishapimwa kwenye kizuio cha zege, kinachobaki kwa sehemu kubwa ni kile kilichorudi angani kwa mvukizo na kupitia majani ya miti. Msitu wa kidakio kimoja ulipokatwa mwaka 1965, ulinganifu na kidakio jirani ulionyesha wazi jinsi mtiririko na naitreti, yaani chumvi za nitrojeni zinazosombwa na maji kutoka udongoni, zilivyoongezeka. Bonde la maelfu ya kilomita za mraba halina jirani wa kufanana nalo, na maji yake huweza kuvuka mpaka chini ya ardhi bila kupita mbele ya chombo chochote, achilia mbali mabwawa, visima na mifereji ya umwagiliaji.

Muungano wa vyuo vikuu vya Marekani uitwao CUAHSI, ulioundwa mwaka 2001, ulipendekeza mtandao wa mabonde ya uchunguzi yenye takribani kilomita za mraba 10,000 kila moja. Mtandao huo haukujengwa kama ulivyochorwa, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo lenyewe. Walnut Gulch, bonde la utafiti huko Arizona, lina vipimamvua karibu 90 katika kilomita za mraba 150 hivi, kwa sababu mvua za radi za huko hulowesha upande mmoja na kuuacha mwingine mkavu. Kwa msongamano huohuo, bonde la kilomita za mraba 10,000 lingedai vipimamvua 6,000. Rada husaidia, ila huona matone yakiwa bado angani, hivyo ni lazima isahihishwe kwa vipimo vya ardhini.

Ndiyo maana naunga mkono upimaji wa ngazi kwa ngazi: vidakio vichache vidogo, vilivyochaguliwa kuwakilisha aina za udongo, miamba na matumizi ya ardhi, vipimwe kwa kina, vituo vya mtiririko viwekwe kwenye maungio ya mito, kila kimoja ndani ya eneo la kinachofuata, na kwenye mlango wa bonde, pale maji yake yote ya mto yanapotokea, kiwepo kituo kimoja kisichokosa kumbukumbu hata siku moja. Visima vya kuchungulia maji ya chini vichimbwe mapema, kwa kuwa maji hayo husogea polepole na kumbukumbu zake huhitaji miaka mingi ili ziseme kitu.

Hapa ndipo ninaporudi kwa yule mtu wa matope. Chombo kilichofungwa mtoni hupima kina cha maji tu. Mtiririko hukadiriwa kutokana na uhusiano wa kina na mtiririko, ambao hujengwa kwa kupima kasi ya maji katika sehemu mbalimbali za mto, tena na tena, wakati wa kiangazi na wakati wa mafuriko. Furiko moja likihamisha mchanga wa sakafuni, kina kilekile hakimaanishi tena mtiririko uleule, ilhali chombo kinaendelea kutuma namba safi kila baada ya dakika 15, na hakuna aliye ofisini atakayejua mpaka mtu aende na kupima upya.