Nilivyofunga stepu za kurekebishika kwenye XL yangu

Mi ni mrefu, futi sita na inchi tatu, na pikipiki yangu ni Honda XL 125 ya zamani, aliyeitengeneza sidhani kama alimuwaza Msukuma wa Buswelu, Mwanza. Kila wiki napeleka nyuzi na maboya ya nyavu Magu na Lamadi. Kufika Magu tu ni kama kilomita 60, na nikishuka pale lazima nitembee tembee kama bata mpaka goti la kulia likubali kunyooka. Nilishaongeza sponji kwenye siti, goti likapata nafuu kidogo ila upepo wa ziwa ukinipiga ubavuni najiona nimepanda mti.

Basi nikaagiza mtandaoni stepu za kukanyagia zinazorekebishika. Zilivyo ni hivi, kuna kipande cha chuma kinafungwa pale stepu ya zamani ilipokuwa, alafu stepu yenyewe inakaa kwenye kisahani chenye meno, unalegeza bolti moja unakizungusha, stepu inashuka au inarudi nyuma, unakaza. Muuzaji kaandika zinaingia pikipiki nyingi. Hiyo "nyingi" ndo iliyonitoa jasho.

Jumamosi asubuhi nikaanza. Kutoa za zamani ni dakika kumi, unanyoosha spliti pini na koleo unasukuma pini kubwa inatoka, ila bana springi na kidole maana ikiruka utaisaka hadi magharibi, yangu niliikuta kwenye maji ya kuku. Na piga picha springi ilivyokaa kabla hujagusa kitu. Sikupiga, nikaja kuifunga kinyume, stepu ya kushoto ukiikunja inabaki huko huko juu, hairudi mpaka nilipoigeuza springi.

Kubwa lilikuwa pini. Pini mpya ni milimita 8, tundu la kwenye fremu ni 10, yani inacheza kama jino la mtoto. Jirani yangu bodaboda akaniambia kata bati la kopo la soda uizungushie, nikataka kukubali kabisa, nikakumbuka kwenye mashimo huwa nasimama na mwili wangu wote unakuwa juu ya hizo pini mbili. Nikaenda Nyakato kwa mzee mmoja wa lezi, ile mashine ya kuchongea vyuma. "Mwangaluka baba," nikamwonyesha, akageuza geuza akacheka, akanichongea bushi mbili, yani vipete vya kujazia tundu, kwa elfu kumi. Akaniambia, "Kijana, usiibane sana. Stepu lazima ikunjike kwenda juu na nyuma, pikipiki ikilala upande stepu ikagoma kukunja, inakunyanyulia tairi." Kwa ushauri huo tu hela yake ilikuwa halali.

Sasa kufunga kumeisha, nikajua nimemaliza kumbe ndo kazi inaanza. Nilikuwa nimeshusha stepu kama sentimita nne, goti raha mstarehe, lakini gia na breki zimebaki kule juu! Kila nikitaka kubreki nanyanyua mguu mzima. Gia ilikuwa rahisi, unafungua bolti yake, unaitoa yote kwenye meno, unairudisha jino moja chini. Kabla ya kuitoa nikaweka alama na rangi ya kucha ya mke wangu, akatoka jikoni, "Baba Neema, hiyo ni ya elfu tano!" Nikasema nitanunua nyingine. Bado sijanunua.

Breki ndo ilinifundisha adabu. Pedo ina bolti ndogo inayoizuia isipande, nikaizungusha pedo ikashuka vizuri, nikawasha nikaondoka kuelekea Kisesa. Njiani naona pikipiki nzito, alafu kuna harufu. Daladala ikanipita, dereva kachungulia dirishani, "We kaka, unabreki toka Igoma!" Kumbe ukishusha pedo ni sawasawa na umeikanyaga kidogo muda wote, fito inayotoka kwenye pedo kwenda breki ya nyuma inavuta, breki inasugua, na taa ya breki inawaka moja kwa moja, kwahiyo wa nyuma yako siku ukibreki kweli hatajua. Nikashuka, hapu ya nyuma, kile kitovu cha tairi, huigusi kwa moto. Nikalegeza nati ya nyuma kwenye fito mpaka tairi likazunguka huru na pedo ikabaki na nafasi kidogo kabla haijashika, alafu nikashusha swichi ya taa, pale unazungusha nati yake ya plastiki tu, swichi yenyewe usiizungushe waya zitajisokota.

Wakati wa kurudi, kona ya kushoto, nikasikia kraaa. Stepu inakwangua lami, na sikuwa hata na mwendo. Ikakunjika ikarudi, nikamshukuru mzee wa Nyakato kimoyomoyo. Nyumbani nikaipandisha hadi sentimita mbili na nusu hivi, nikairudisha nyuma jino moja, nikaanza upya gia, pedo, fito, swichi. Siku nyingine nitatafuta kwanza urefu wa stepu nikiwa nimekaa, pikipiki imesimamishwa sawa, ndo niguse mengine, maana ukisogeza kimoja vyote vinakufuata.

Bolti za visahani niliziwekea ile gundi ya bluu ya kushikia nati, na baada ya safari ya kwanza ya Magu nikazipitia na spana, moja ilikuwa imeanza kulegea. Goti sasa hivi nashuka nalo naenda chai moja kwa moja. Stepu ya kushoto bado inalia kidogo nikisimama, nahisi ni washa, kile kipete cha bolti, nitaiangalia Jumapili.